Mashine Hujua Ilichoambiwa



Katika skimu zetu, iwe Solai, Subukia au Molo, yupo mzee ambaye huitwa ng'ombe anapougua. Humpapasa mnyama chini ya sikio na mbele ya bega, humtazama fizi, huuliza habari za mavi, kisha husema, "Hii ni ndigana kali," au, "Hii ni ndigana baridi." Mara nyingi husema kweli. Lakini ukimwuliza amejuaje, hujibu, "Nimeona tu." Siku akifa, maarifa yake huzikwa pamoja naye.

Siku hizi kompyuta hufundishwa kazi ya wajuzi kama huyo. Usidhani ni uganga. Mjuzi huulizwa dalili aitazamayo kwanza, na ile aitazamayo baadaye. Majibu yake huandikwa kuwa kanuni: tezi zikivimba na ng'ombe ana homa kali, shuku ndigana kali, mavi yakiwa makavu na fizi zimepauka, shuku ndigana baridi. Kompyuta hufuata kanuni hizo.

Ugumu ni kwamba mjuzi hawezi kutamka yote ayajuayo. Huko Illinois, Marekani, katika miaka ya 1970 walijaribu jambo hili kwa magonjwa 15 ya soya. Kanuni alizotamka mtaalamu zilishindwa na kanuni ambazo kompyuta ilizipata yenyewe kwa kulinganisha kumbukumbu za mimea mingi iliyougua.

Na hapa Kenya, viwavijeshi vipya viliingia katika mahindi yetu mwaka 2017. Mwaka uliofuata, shirika la FAO na Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania walitoa programu ya simu iitwayo Nuru, ya kutambua mahindi yaliyoliwa na wadudu hao. Ilifundishwa kwa picha nyingi zilizopigwa mashambani.

Mimi naona fundisho ni moja: neno la mjuzi pekee halitoshi, yatakiwa na kumbukumbu. Basi, nunua daftari. Kila ng'ombe akiugua, andika tarehe, dalili, dawa aliyopewa, na kama alipona au alikufa. Usifiche pale ulipokosea, kwa maana kosa lililoandikwa humwokoa ng'ombe wa jirani. Kaa na yule mzee angali hai, umwulize, uandike.

Afisa akija kukusanya habari, mwambie kweli, na usipokuwa na hakika, sema huna hakika. Nawe umwulize, "Maarifa haya yatarudi kwetu lini, na kwa lugha gani?" Kuuliza hivyo ni haki yako.

Na simu ikikuambia lolote juu ya ng'ombe, bado mwite daktari wa mifugo mapema. Ndigana kali huua upesi, na mashine haina zizi. Hasara ni yako wewe.