Atoke, lakini na mtu

Mtu akirukwa na akili huku Kailo, mkoani Maniema, mara nyingi hafungiwi hospitalini, anafungiwa kwao. Kamba ya nailoni inapitishwa kifundoni, ncha ya pili inakazwa kwenye nguzo ya jiko la uani. Miezi ikipita, ngozi ya hapo inakuwa nyeusi na ngumu kama ya kisigino. Aliyekaza fundo ni mama yake. Anajua mashimo ya kasiterite na wolframu yako wazi, yamejaa maji ya mvua. Anajua njia ya Kindu inafika Alunguli, na mbele yake ni mto Lualaba. Anajua pia anavyotendewa mtu anayetembea usiku asiyeweza kujieleza.

Toleo hili halimhukumu mama huyo. Tunachokipinga ni hofu yake kuhamia kwenye vituo vyenye wauguzi na kuitwa utaratibu: geti linapigwa kufuli, wote wanabaki ndani, aliyeletwa jana akipiga kelele pamoja na yule ambaye ametulia mwezi mzima na anataka tu kwenda kununua sabuni.

Na kufuli lenyewe halilindi. Hospitali ya Mathari, Nairobi, ilifunguliwa 1910 na ina kuta na walinzi; Mei 2013 wagonjwa 40 waliondoka kwa mkupuo mmoja. Malalamiko yaliyoripotiwa yalihusu dawa. Anayekimbia mahali fulani anatuambia jambo kuhusu mahali hapo.

Sisi Wakongo tuna desturi ambayo hospitali nyingi za nchi tajiri hazina: mgonjwa halazwi peke yake. Ndugu anakuja na mkeka, sufuria na makaa, anapika uani, analala sakafuni kando ya kitanda. Ndugu huyo ndiye mlango wetu. Mgonjwa akitaka kutoka, atoke naye: sokoni, misani, mtoni kuoga. Muuguzi aandike saa, nguo alizovaa na wanakokwenda. Akiwa katika siku mbaya, anatafuta kujiua, azuiwe, ndiyo. Lakini kwa sababu iliyoandikwa, na kesho yake uamuzi huo uangaliwe upya. Jambo hili linawezekana: Geel, mji wa Ubelgiji, umewaweka wagonjwa wa akili katika nyumba za raia tangu Zama za Kati, nao wanatembea mjini kama wenyeji.

Lakini ndugu naye anachoka. Ameacha shamba la mpunga, anakula kwa deni, na siku moja anarudi kwao bila kuaga. Hapo ndipo kufuli linaponunuliwa. Linanunuliwa mara moja, wala haliombi chakula.

Kongo ilijiunga mwaka 2015 na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao kifungu chake cha 14 kinakataza ulemavu kuwa sababu ya kumnyima mtu uhuru. Kituo cha afya ya akili cha SOSAME, kilichoanzishwa Bukavu mwaka 1994, kiko mbali nasi sana, na Februari 2025 mji huo uliingia mikononi mwa waasi wa M23. Hatuwezi kuwangoja wa mbali.

Ninyi waganga na wauguzi wa zoni ya afya ya Kailo, nanyi mapadri, wachungaji na maimamu mnaopokea wagonjwa hawa: kabla ya kununua kufuli, pigeni hesabu ya sahani mbili za wali kwa siku kwa yule anayekaa na mgonjwa. Kisha mtuandikie mmepata kiasi gani. Tutakichapa katika toleo lijalo.