Mashahidi wa Anga: Wahojiwe, Wasidharauliwe

Miongoni mwa watu waliosoma sayansi imeota mizizi dhana moja, nayo ni kwamba maandishi ya kale kuhusu mambo ya angani ni porojo tupu. Dhana hiyo huelekezwa hasa kwa vitabu vya tarihi vilivyoandikwa na watawa wa Ulaya katika karne za kati, yaani tangu mwaka 500 hivi hadi mwaka 1500. Husemwa kwamba watawa hao waliona kifo cha mfalme katika kila nyota yenye mkia, na ghadhabu ya Mungu katika kila kupatwa kwa jua. Basi mwanasayansi wa leo atafute nini kwao? Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba anayewapuuza waandishi hao anatupa ushahidi ambao hakuna maabara yoyote iwezayo kuutengeneza upya. Hata hivyo, anayewaamini bila kuwahoji naye hupotea vilevile.

Tuanze na mfano mmoja. Katika nakala ya Tarihi ya Waanglo-Saksoni iliyoandikwa na watawa wa Peterborough, Uingereza, chini ya mwaka 1110 imo habari ya usiku wa tarehe 5 Mei. Mwandishi aeleza kwamba jioni mwezi ulikuwa uking'aa, kisha nuru yake ikapungua kidogo kidogo, hata usiku ulipoingia ukazimika kabisa, pasionekane mwanga wala duara lake. Ulipokaribia mapambazuko ndipo ukaonekana tena, mzima na wenye nuru. Aongeza mambo mawili ambayo mwandishi mvivu asingeyataja: kwamba mwezi ulikuwa na umri wa siku 14, na kwamba usiku kucha mbingu zilikuwa safi na nyota ziking'aa kila upande.

Sasa tumhoji shahidi huyu. Mwezi wa siku 14 ni mwezi mpevu, na mwezi hauwezi kupatwa wakati mwingine wowote isipokuwa huo. Nyota ziking'aa, basi hapakuwa na wingu lililouficha. Hesabu za falaki nazo zathibitisha kwamba usiku ule mwezi ulipatwa wote. Lakini kwa kawaida mwezi uliopatwa haupotei machoni. Hugeuka mwekundu kama shaba, kwa sababu angahewa ya dunia hupinda miali ya jua na kuipenyeza ndani ya kivuli. Ili mwezi utoweke, hapana budi pawepo kitu kinachoiziba miali hiyo njiani. Kitu hicho ni vumbi na matone madogo mno ya asidi ya salfa, ambayo volkano kubwa huyarusha hadi tabaka za juu za angahewa, yakabaki huko kwa miezi mingi. Na kweli, barafu ya kale ya Greenland ina mabaki ya salfa ya miaka hiyohiyo, tangu 1108 hadi 1110 hivi.

Mtawa wa Peterborough hakujua lolote juu ya salfa, wala hakujua kwamba mlima uliolipuka mbali naye waweza kuuzima mwezi wa Uingereza. Aliandika alichokiona, na kwa kuwa alikiandika kwa uangalifu, maneno yake yamekuwa kipimo baada ya miaka 900.

Wala huo si mfano wa pekee. Mwaka 2023 wataalamu walioongozwa na Sébastien Guillet wa Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kazi ndefu ya kuzipekua tarihi hizo. Waliona kwamba kati ya mwaka 1100 na 1300 mwezi ulipatwa wote mara 64 kwa namna iliyoweza kuonekana Ulaya, na kwamba waandishi walikumbuka kuandika mara 51. Katika mara 5 kati ya hizo walisema kwamba mwezi ulikuwa na giza lisilo la kawaida. Mojawapo ni tarehe 18 Mei 1258, mwaka mmoja baada ya mlima Samalas katika kisiwa cha Lombok, Indonesia, kulipuka kwa kishindo kilichokuwa miongoni mwa vikubwa kabisa vya miaka elfu kadhaa iliyopita. Mtawa wa Ulaya hakupata kulisikia jina la Lombok, lakini moshi wa Lombok ulipita juu ya paa lake, naye akauandika bila kujua.

Huenda msomaji akauliza: hayo yatufaa nini? Yatufaa sana. Volkano kubwa huipooza dunia, huvuruga majira ya mvua na kupunguza mavuno. Ili kupima kwa usahihi nguvu ya athari hiyo, sharti tujue mlipuko ulitokea mwaka gani na msimu gani. Barafu hutupa mwaka, na pengine kwa kukosea mwaka mmoja au zaidi. Lakini mtu aliyeandika tarehe ya usiku mmoja hutusogeza karibu na mwezi wenyewe. Wanaokadiria hali ya hewa ya miaka ijayo wanauhitaji ushahidi huo wajaribie hesabu zao.

Faida ya pili inahusu mwendo wa dunia yenyewe. Chini ya mwaka 1140 tarihi ya Peterborough yasema kwamba wakati wa Kwaresima jua lilipatwa mnamo adhuhuri, watu wakiwa mezani, hata wakawasha mishumaa ili waone chakula chao. Tarehe iliyotajwa ni 20 Machi. Habari ya mishumaa yaonekana kuwa jambo dogo la nyumbani, lakini kwa mwanafalaki ni jambo kubwa. Kivuli cha mwezi kinapolifunika jua lote hupita juu ya ukanda mwembamba tu wa ardhi. Kujua ni mahali gani palipotiwa giza, na saa ngapi, ni kujua dunia ilikuwa imejizungusha kiasi gani wakati ule.

Wataalamu F. R. Stephenson na L. V. Morrison wametumia habari za namna hiyo, kutoka Babeli, Uchina, nchi za Kiarabu na Ulaya, kupima jinsi dunia inavyopunguza mwendo. Mwaka 2016 wao na mwenzao walionyesha kwamba urefu wa siku huongezeka kwa wastani wa sehemu 1.8 katika elfu ya sekunde kila karne. Kiasi hicho ni kidogo, lakini hulimbikizana: tukirudi nyuma hadi mwaka 1000, saa kamili ya leo na mzunguko wa dunia hutofautiana kwa dakika zipatazo 26. Zaidi ya hayo, kujaa na kupwa kwa bahari peke yake kungeiongeza siku kwa sehemu 2.3 katika elfu ya sekunde kila karne. Tofauti baina ya 1.8 na 2.3 yaonyesha kwamba kuna nguvu nyingine ndani ya dunia au katika umbo lake. Mishumaa ya mwaka 1140 ni mojawapo ya vitu vilivyoimulika siri hiyo.

Hadi hapa nimekuwa wakili wa watawa. Haki yataka sasa nizitaje dhambi zao.

Beda wa Jarrow, mwanahistoria mashuhuri wa Uingereza, alimaliza kuandika historia ya kanisa la nchi yake mwaka 731. Humo aeleza kwamba jua lilipatwa tarehe 3 Mei 664. Hesabu zetu zasema ilikuwa tarehe 1 Mei, na tarihi za Ireland zilizotaja siku hiyohiyo ya kwanza ya Mei zilikuwa sahihi. Kwa nini mtu hodari kama Beda alikosa? Wataalamu wengi huona kwamba majedwali ya kutafuta Pasaka yaliuweka mwezi mwandamo wa majira yale kwenye tarehe 3, na kwa kuwa jua halipatwi isipokuwa mwezi unapoandama, tarehe ikasahihishwa ilingane na jedwali. Jicho lilishindwa na kitabu. Kosa hilo halikufa na Beda. Kila mwanafunzi aliyewahi kubadili kipimo chake cha maabara ili kilingane na jibu la mwalimu ni mrithi wake.

Kosa la pili ni la kulivuta tukio kwenye maana yake. Tarihi ya Peterborough yasimulia chini ya mwaka 1135 kwamba Mfalme Henry wa Kwanza alivuka bahari, na siku ya pili ya Agosti, akiwa amelala merikebuni, mchana ukageuka giza na nyota zikaonekana. Watu wakasema jambo kubwa litafuata, na kweli mfalme akafa mwaka huohuo. Henry alifariki tarehe 1 Desemba 1135. Lakini jua lilipatwa tarehe 2 Agosti 1133! Siku na mwezi ni sahihi. Mwaka umesogezwa kwa miaka miwili ili ishara ikutane na kifo. Hali kama hiyo imo katika kitambaa maarufu cha Bayeux, chenye urefu wa karibu mita 70, ambamo nyota yenye mkia, ile tuiitayo leo ya Halley, imetariziwa mara baada ya kutawazwa kwa Mfalme Harold. Harold alitawazwa tarehe 6 Januari 1066; Waingereza waliandika kwamba nyota ile ilianza kuonekana tarehe 24 Aprili. Msanii alikuwa akifundisha kuanguka kwa mfalme, hakuwa akitunza kalenda.

Hata hivyo, tusidhani kwamba wa kale tu ndio wapendao ishara. Gervase wa Canterbury aliandika kwamba jioni ya tarehe 18 Juni 1178 watu wasiopungua watano waliona pembe ya juu ya mwezi mchanga ikipasuka na kutoa moto na cheche. Mwaka 1976 mtaalamu mmoja, Jack Hartung, alipendekeza kwamba walikuwa wameshuhudia jiwe kubwa likiugonga mwezi na kuchimba kasoko iitwayo Giordano Bruno, yenye upana wa kilometa 22. Habari hiyo ilipendwa mno. Lakini mwaka 2001 Paul Withers alieleza kwamba pigo la nguvu hiyo lingeinyeshea dunia vimondo kwa muda wa wiki nzima, na hakuna mwandishi wa Ulaya, Uarabuni, Uchina, Korea wala Japani aliyeona mvua hiyo. Baadaye picha za chombo cha Kijapani Kaguya zilionyesha kwamba kasoko ile ina umri wa miaka milioni 1 hadi 10. Yamkini wale watu wa Canterbury waliona kimondo kilichowaka katika anga ya dunia, kikiwa kimepita sawasawa mbele ya mwezi. Hapo aliyetamani ishara alikuwa mwanasayansi.

Basi shahidi ahojiwe namna gani? Kwanza, tutenge alichokiona na alichokidhania. Pili, tutafute shahidi mwingine ambaye hakuweza kushauriana naye. Mwaka 1006 watawa wa St. Gallen, Uswisi, waliandika kuhusu nyota mpya iliyoyatia macho kiwi, iliyoonekana kwa miezi mitatu kwenye mpaka kabisa wa kusini, mara ikijikunja, mara ikitanuka, mara ikizimika. Mjini Cairo, Ali ibn Ridwan aliiona nyota hiyohiyo, na Wachina na Wajapani pia. Ilikuwa nyota iliyolipuka, na mabaki yake yanajulikana leo. Hata kule kujikunja na kuzimika kuna maana: kutoka St. Gallen nyota ile haikupanda sana juu ya upeo, na nuru ipitayo katika hewa nzito ya chini hutetemeka.

Vivyo hivyo John wa Worcester alichora madoa mawili meusi aliyoyaona katika uso wa jua tarehe 8 Desemba 1128, na siku tano baadaye watu wa Korea wakaandika kwamba mbingu zilikuwa na mwanga mwekundu, kama itokeavyo jua linapochafuka.

Tatu, kimya kisifanywe ushahidi kwa haraka. Nyota iliyolipuka mwaka 1054 ilionekana mchana kwa siku 23 huko Uchina, lakini Ulaya hakuna habari yake hata moja iliyokubaliwa na wataalamu wote. Haina maana kwamba Ulaya hapakuwa na macho.

Wako watakaosema kwamba fedha za utafiti ni chache, na ni afadhali zinunue vyombo kuliko kuwalipa watu wasome Kilatini. Nawajibu kwamba chombo kilichonunuliwa leo kitapima kuanzia leo. Volkano, jua na mwendo wa dunia ni mambo ya karne nyingi, nasi tukitaka kuyapima hatuna budi kuwaazima macho waliotutangulia. Kwa hiyo mwanahistoria, mtunza nyaraka na mwanafizikia wakae meza moja, na mwanafunzi wa sayansi afundishwe kuisoma hati ya kale kama anavyofundishwa kuisoma mizani.

Na sisi nasi tu wa kale wa watu watakaokuja. Mwalimu anayepima mvua shuleni kila asubuhi, na mvuvi anayekumbuka siku bahari ilipobadilika rangi, hawajui ni swali gani litaulizwa baada ya miaka 900. Hawahitaji kujua. Wanachohitaji ni kuandika tarehe, mahali, na kile walichokiona, bila kukirekebisha ili kiwapendeze wakubwa au kilingane na kitabu. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Elimu nayo ni mali.