Tembo wa Noti na Tembo wa Tarangire

Kila mwisho wa mwezi mtumishi wa umma wa Tanzania humtia tembo mfukoni. Yumo katika noti ya shilingi elfu kumi. Mwalimu humhesabu kwa kidole, karani humlipia kodi ya nyumba, mhasibu humfunga kwa mpira mafungu kwa mafungu. Lakini watatu hao wakiulizwa ni lini walimwona tembo mwenyewe, akitembea kwa miguu yake juu ya ardhi ya nchi yao, wengi watacheka, kana kwamba wameulizwa ni lini walikwenda mwezini.

Kicheko hicho ndicho kinachostahili kuchunguzwa. Si kicheko cha mtu asiyeweza, bali cha mtu aliyekwisha kuamini kwamba jambo lile halimhusu. Hifadhi ya Taifa ya Tarangire iko umbali wa kilomita zipatazo 120 kutoka Arusha mjini, kando ya barabara ya lami iendayo Babati na Dodoma. Mtu aondokaye Arusha alfajiri huwa langoni kabla ya saa tatu asubuhi, akashinda porini na mwongozaji wake, akarudi kulala kwake. Watumishi wangapi wa mikoa ya kaskazini hupita Kwakuchinja mara nyingi kila mwaka wakienda vikaoni Dodoma, wakakitazama kibao cha hifadhi kupitia dirisha la basi, wasikunje kona hata mara moja? Wanajua bei ya chai ya kila mgahawa wa njia ile. Hawajui kilichoko nyuma ya kibao.

KASUMBA

Imezoeleka kusema kwamba kutazama wanyama ni mambo ya Wazungu. Usemi huo una historia, na historia yake si ya heshima. Katika karne ya 19 misafara ilitoka bara hadi Bagamoyo na kuvuka hadi Unguja ikiwa na pembe za ndovu mabegani mwa wapagazi, ili huko Ulaya na Marekani zichongwe vinanda na mipira ya mchezo wa biliadi. Ulipokuja utawala wa kikoloni, sheria za uwindaji zikaligawa pori kwa watu wa aina mbili: mgeni mwenye bunduki na leseni aliitwa mwindaji, na mwenyeji mwenye upinde aliitwa jangili. Tangu hapo mwananchi alifundishwa kwamba tembo ni mali ya mtu mwingine. Kazi yake yeye ilikuwa kubeba pembe, kupika chakula cha kambi, au kufungwa jela.

Sasa mwalimu mwenye shahada anaposema, mbele ya wanafunzi wake, kwamba safari za mbugani ni anasa ya wageni, hana habari kwamba anarudia somo la mkoloni neno kwa neno. Bendera ilibadilishwa mwaka 1961. Kasumba haikushushwa pamoja na ile ya zamani.

Wapo watakaojitetea kwa jina la Mwalimu Nyerere mwenyewe. Ni kweli kwamba Mwalimu alikiri kuwa yeye binafsi hakuvutiwa sana na wanyama, wala hakutarajia kutumia likizo yake kutazama mamba. Lakini ni yeye huyo aliyetoa Tamko la Arusha la Septemba 1961, lililotangaza kwamba wanyamapori ni amana ya taifa, na ni katika uongozi wake zilipozaliwa hifadhi za Mikumi na Ruaha mwaka 1964, Gombe mwaka 1968, Tarangire mwaka 1970, Kilimanjaro mwaka 1973, Katavi mwaka 1974, Rubondo mwaka 1977 na Mahale mwaka 1985. Kiongozi asiyevutiwa na jambo, lakini akalilinda kwa sababu ni la umma, ametoa fundisho zito kuliko la mpenzi wa wanyama. Wanaochukua nusu ya kwanza ya maneno yake na kuiacha ya pili wanatafuta kisingizio tu.

Wapo pia watakaokumbuka mjadala mkali uliozuka magazetini mwaka 1970 kuhusu utalii na ujamaa, ambao Issa Shivji aliuhariri kuwa kitabu mwaka 1973. Vijana wa TANU na wasomi wa Chuo Kikuu waliuliza kama nchi inayojenga usawa yafaa kuwafanya watu wake watumishi wa starehe za matajiri. Swali lile lilikuwa la haki, na halijafa. Lakini jibu lake si kuwaachia wageni pori lote. Mwenye nyumba anayeishi jikoni, asiyekanyaga sebule yake ila akipeleka trei, ndiye aliyekwisha kuwa mtumishi. Akiketi sebuleni pamoja na mgeni, ni mwenyeji.

KUMBUKUMBU

Na mwenyeji huyo ataona nini huko Tarangire? Akienda kati ya Julai na Oktoba, vidimbwi vya nyika vinapokauka, ataona mamia ya tembo wakiteremka mtoni. Mwongozaji atamweleza kwamba mmoja aliyekomaa aweza kula kilo 150 za majani, magome na matawi kwa siku, na kunywa zaidi ya lita mia. Kwamba mimba huchukua miezi 22. Kwamba kundi haliongozwi na dume mwenye pembe ndefu bali na jike mzee, na madume wakikua hutoka na kujitegemea.

Hapo ndipo safari ya siku moja inapoacha kuwa matembezi na kuwa darasa. Mwaka 1993 Tarangire ilipatwa na ukame mkali. Watafiti waliokuwa wakiwafuatilia tembo hao walihesabu ndama 81 katika makundi matatu; katika miezi tisa ndama 16 walikufa. Vifo havikuwa sawa kwa wote. Makundi yaliyohama na kutoka nje ya hifadhi yalipoteza wachache; kundi lililobaki lilipoteza wengi. Maelezo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba waliohama walikuwa na majike wazee, wenye umri wa kutosha kuwa walikuwapo katika ukame mkubwa wa kati ya mwaka 1958 na 1961. Inaelekea walikumbuka maji yalipopatikana. Kundi lililobaki halikuwa na wazee wa umri huo, na watafiti walilihusisha jambo hilo na ujangili wa miaka ya 1970 na 1980, uliowaua tembo wakubwa kwanza kwa sababu pembe zao ni nzito.

Mwalimu na atafakari maana yake. Risasi iliyopigwa miaka ya sabini iliua ndama mwaka 1993. Jangili hakuiba pembe mbili tu, alichoma maktaba. Hakuna mtumishi wa idara ya kumbukumbu, hakuna mwalimu wa historia, asiyeweza kuelewa hasara ya namna hiyo mara moja.

Na hasara haikukoma hapo. Serikali iliendesha Operesheni Uhai mwaka 1989 na 1990, na Tanzania ilikuwa mstari wa mbele kudai biashara ya kimataifa ya pembe ipigwe marufuku, ikapigwa marufuku. Tembo wakaanza kuongezeka. Kisha macho yakasinzia. Waliokadiriwa kuwa takriban 109,000 mwaka 2009 walikuwa takriban 43,000 mwaka 2014. Yaani katika miaka mitano kati ya kila tembo watano watatu walitoweka, huku redio, magazeti na ofisi za umma zikiendelea na shughuli zao. Pembe hazikuruka angani. Zilipita barabarani, zikapita vizuizini, zikapita bandarini. Zilipita mbele ya watu wenye mishahara. Nani angezililia, ikiwa hata waliotia saini nyaraka hawakuwahi kumwona mnyama zilikotoka?

WANAOLALA MASHAMBANI

Haitakuwa haki, hata hivyo, kumsifu tembo mbele ya mkulima anayelinda mahindi yake usiku kwa kupiga debe. Tarangire ina kilomita za mraba 2,850 hivi, nazo haziwatoshi tembo. Mvua zinaponyesha hutawanyika hadi nyanda za Simanjiro, na ushoroba wa Kwakuchinja ndio unaowaunganisha na upande wa Manyara. Ardhi hiyo ina vijiji, mifugo, mashamba na, pale Minjingu, kiwanda cha mbolea. Tembo hajui mpaka wa kijiji. Shamba la msimu mzima aweza kulimaliza usiku mmoja, na wapo waliopoteza maisha.

Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta machozi cha shilingi milioni moja kwa familia ya aliyeuawa na mnyama hatari, na kwa mazao kiasi kisichozidi shilingi laki moja kwa ekari, tena kwa ekari zisizozidi tano. Hata jina la malipo hayo lakiri kwamba si fidia. Machozi hufutwa, njaa haifutwi kwa kitambaa. Ofisa anayelikalia faili la mkulima miezi kadhaa mezani mwake anamgeuza mkulima huyo kuwa adui wa tembo, na adui wa tembo ni rafiki wa jangili bila hata kulipwa.

Hapa ndipo swali la nani aende kumwona tembo linapokuwa zito. Mpango wa matumizi ya ardhi unaoamua kama ushoroba utabaki au utafungwa kwa mashamba huandikwa na watumishi wa umma. Faili la kifuta machozi hupitishwa na watumishi wa umma. Mtoto wa Babati na wa Simanjiro hufundishwa na watumishi wa umma. Watu hao wakiwa hawajawahi kuona tembo mtoni wala shamba lililokanyagwa, wataamua kwa ramani tu, na ramani hailii. Kwa hiyo safari ya siku moja ya mtumishi haipaswi kuishia langoni. Na isimame kijijini, asubuhi au jioni, imsikilize mkulima nusu saa. Atakayeona mambo yote mawili kwa siku moja hatakuwa tena mtu wa upande mmoja.

GHARAMA NA VISINGIZIO

Itasemwa kwamba mshahara hautoshi. Kwa mtu mmoja anayekodi gari peke yake, ni kweli haumtoshi. Lakini kiingilio cha Mtanzania hutozwa kwa shilingi na ni sehemu ndogo tu ya dola anazotozwa mgeni. Kinachokula fedha ni gari, na gari hugawanywa. Watu 25 wa shule au idara moja, wakichanga kidogo kidogo kama wanavyochanga kwa harusi, wanaweza kukodi basi dogo na kumlipa mwongozaji. Watu hao hao huchangia kamati ya harusi ya jirani wasiyemjua vizuri, sherehe ya saa sita, bila kunung'unika. Hakuna anayeiita harusi hiyo anasa ya Wazungu.

Vyama vya wafanyakazi navyo vina la kujibu. Kila Mei Mosi fulana na kofia hugawiwa kwa maelfu, zikapauka kabla ya Saba Saba. Sehemu ya fedha hizo ingewapeleka walimu hifadhini kwa zamu, mwaka hadi mwaka. Nao waongozaji, ambao wengi wamefunzwa kwa Kiingereza tangu vyuoni, wadaiwe maelezo ya Kiswahili fasaha. Mwenyeji hapaswi kutafsiriwa nchi yake.

Taifa lilikwisha kuonywa juu ya hatari ya kumtegemea mgeni peke yake. Mwaka 2019 nchi ilipokea watalii wa nje zaidi ya milioni 1.5, mwaka 2020, dunia ilipojifungia kwa ugonjwa wa korona, walikuwa karibu 620,000 tu. Malango ya hifadhi yalipokosa wageni, wenyeji waliokuwa na mazoea ya kuyapita walikuwa wachache mno kuziba pengo. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Hawakusema mgeni asipokuja mwenyeji afe.

Mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alionekana katika filamu ya Royal Tour akiwaongoza wageni kutazama nchi. Ikiwa Mkuu wa Nchi alikubali kuifanya kazi ya mwongoza watalii mbele ya dunia nzima, ofisa wa wilaya anasubiri waraka gani ili aketi tu kwenye kiti cha abiria?

Walimu wakuu waanze. Wachague Jumamosi moja ya kiangazi, wakubaliane mchango, wakodi basi, wamtafute mwongozaji, na waombe kijiji kimoja jirani na hifadhi kiwapokee. Wakirudi, wasiandike ripoti ya semina. Wasimame tu darasani Jumatatu, wawaambie watoto walichokiona. Mtoto aliyesimuliwa tembo na mtu aliyemwona atakuwa na kitu cha kulinda siku atakapopewa sare, mhuri au ufunguo wa ghala. Aliyemjua kwa noti peke yake atajua thamani moja tu ya tembo, nayo ndiyo ile ile aijuayo jangili.