Virusi vya simu navyo vina njia za panya

Kama umekaa Busia au Malaba, unajua mchezo wa mpaka. Gari la polisi likitokea, jamaa wa magendo anageuka raia mwema ghafla: ameketi kibandani, chai mkononi, anabishana mambo ya kandanda. Gari likipotea, mzigo unavuka kama kawaida. Ukaguzi ulifanyika, ndiyo, lakini uliona tu kile mkaguliwa alitaka kionekane.

Virusi vya simu siku hizi vinacheza hivyo hivyo. Kwa hivyo ile alama ya kijani inayokuambia simu yako iko salama isikulaze usingizi wa pono.

Kizuia virusi kina njia mbili kubwa za kufanya kazi. Ya kwanza ni kama orodha ya wanaosakwa: kila kirusi kinachojulikana kina alama zake, na faili ikifanana nazo inakamatwa. Wahalifu walishachanuka kitambo. Wanachukua msimbo ule ule, wanaufunga upya kwa namna nyingine kila wanapousambaza, alama zinabadilika. Sukari ni ile ile, gunia ndilo jipya.

Njia ya pili ni sandiboksi, yaani chumba kilichofungwa ndani ya kompyuta, mara nyingi na simu ya kuigiza, ambamo programu inawashwa na kuchunguzwa itafanya nini. Lakini programu yenye nia mbaya nayo inachunguza: je, niko kwa mtu ama niko kwa askari? Inaangalia kama kuna laini, kama kuna majina yaliyohifadhiwa, kama hiki ni kifaa halisi. Ikishuku, inatulia tuli. Nyingine zinalala tu, kwa sababu mkaguzi ana foleni ndefu ya programu za kupima na hawezi kukesha na moja. Muda ukiisha bila fujo, inapita.

Unadhani ni hadithi? Januari 2019, kampuni ya usalama wa mitandao ya Trend Micro ilianika apu mbili zilizokuwa zimepenya hadi Google Play. Moja ni BatterySaverMobi, nyingine Currency Converter, ya kupigia hesabu za kubadili fedha. Ebu fikiria apu kama hiyo hapa kwetu, ambapo mama wa mitumba na kijana mwenye vitita vya noti kando ya barabara wanapiga hesabu ya shilingi ya Kenya kwa ya Uganda kutwa nzima.

Hila yake ilikuwa kitambua mwendo cha simu. Simu ya mtu halisi inatikisika, iwe mfukoni au juu ya boda. Simu ya kuigiza iliyo maabarani haiendi popote. Bila mwendo, apu ilinyamaza. Ikihisi mwendo, ilikuletea ujumbe bandia wa kusasisha mfumo. Ukikubali, anaingia Anubis, kirusi cha kuiba siri za benki, kinachonasa unachochapa na kupiga picha za skrini. BatterySaverMobi ilikuwa imepakuliwa zaidi ya mara 5,000 na ina alama 4.5. Watu waliiamini kwa sababu wengine waliiamini.

Kuna mzigo mwingine unaokuja ndani ya simu yenyewe. Agosti 2020, BuzzFeed News na kampuni ya Upstream walifichua kwamba baadhi ya simu mpya za Tecno W2, zilizouzwa katika nchi kadhaa za Afrika, zilikuwa na virusi vya Triada na xHelper tangu dukani. xHelper haitoki hata ukifuta kila kitu na kuanza upya. Mtengenezaji, Transsion, alisema tatizo lilitoka kwa mmoja wa wasambazaji wake na kwamba alishatoa marekebisho.

Sasa linganisha na mjadala wetu wa simu. Mwishoni mwa 2024, Mamlaka ya Mawasiliano na KRA walitaka nambari za IMEI za simu zinazoingia nchini zitangazwe, na mpango huo ukaishia mahakamani. Kelele zote zilikuwa za ushuru na faragha. Lakini IMEI inatambulisha kifaa tu, haisemi kilichomo ndani yake. Hilo nani anakagua?

Jibu, kwa sasa, ni wewe. Na mpakani hasara ni kubwa zaidi, kwa sababu wafanyabiashara wengi mtaji wao wote uko kwa simu. Sheria ya makosa ya mitandao ya 2018 ipo, lakini doh ikiruka hadi laini ya ng'ambo, unaandamana na vituo vya polisi vya nchi mbili.

Kwa hivyo usisakinishe faili ya apu uliyotumiwa WhatsApp, hata kama imetoka kwa binamu. Usasishaji wa mfumo uutafute kwenye mipangilio ya simu, usikubali ule unaoletwa na apu. Na muhimu kuliko yote, angalia ruhusa. Kikokotoo cha fedha hakina haja ya kusoma SMS zako, wala ya ruhusa ya ufikivu, ile ya kuwasaidia watu wenye ulemavu, ambayo inaweza kusoma skrini na kubofya kwa niaba yako. Kirusi kinaweza kudanganya maabara nzima, lakini mara nyingi bado lazima kikuombe ruhusa. Kikiomba, kataa.