Kelele Katika Majumba ya Ghorofa: Tabia ya Jirani au Ubovu wa Jengo?

Katika majumba ya ghorofa ya miji ya pwani, ugomvi wa kelele baina ya majirani aghalabu huanza na jambo dogo kama kinu. Mpangaji wa ghorofa ya tatu anatwanga kisamvu asubuhi. Mpangaji wa ghorofa ya pili, aliyerudi alfajiri kutoka zamu ya usiku, anazinduka akidhani dari inamwangukia. Anapanda ngazi kwenda kulalamika. Maneno makali yanatoka, na kila mmoja anarudi kwake akiamini kwamba mwenziwe hana adabu. Shauri likifika kwa mwenyekiti wa mtaa, naye hufanya lile ambalo wasuluhishi wote hulifanya: humsihi huyu apunguze na yule avumilie. Kinu hunyamaza juma moja, kisha huanza tena, maana watu hawana budi kula.

Usuluhishi wa namna hii hushindwa si kwa sababu wapangaji ni wakaidi, bali kwa sababu mshtakiwa mkubwa hakuitwa barazani. Mshtakiwa huyo ni jengo lenyewe, na nyuma ya jengo yuko aliyelichora na aliyelijenga.

Malalamiko yenyewe ni ya kale. Mwanafalsafa Seneca, aliyeishi Roma katika karne ya 1, aliacha barua inayoeleza adha ya kukaa juu ya hamamu, penye miguno, vishindo na makelele ya kila namna. Seneca alijivunia kwamba akili yake ilikuwa imetulia hata hivyo. Lakini mwishoni mwa barua hiyo hiyo alikata shauri la kuhama. Mpangaji wa leo hana wepesi wa kuhama kama aliokuwa nao tajiri wa Kirumi.

Ili kufahamu kwa nini jengo lina hatia, hapana budi kutenganisha aina mbili za sauti ambazo watu wengi huziita kelele bila kuzipambanua. Ya kwanza ni ile inayosafiri hewani: mazungumzo, redio, kilio cha mtoto. Mawimbi ya sauti hiyo huugonga ukuta, ukuta ukatetemeka kidogo mno, na mtetemo huo ukazaa sauti hafifu upande wa pili. Kinachouzuia ukuta usitetemeke ni uzito wake. Wataalamu wamekadiria kwamba uzito wa ukuta ukizidishwa mara mbili, kinga yake huongezeka kwa desibeli 6 hivi. Na sauti ikishuka kutoka nyembamba hadi nzito, mtetemo wake ukawa nusu, kinga hiyo hupungua kwa kiasi hicho hicho. Ndiyo maana anayekaa nyuma ya ukuta hasikii maneno ya mwimbaji wa taarabu, ila husikia besi ikidunda usiku kucha. Mwenye redio husema kwa kiapo kwamba ameiweka chini, naye hasemi uongo. Anachokisikia yeye na anachokisikia jirani ni vitu viwili tofauti.

Desibeli nayo ina hila yake. Si kipimo kama kilo au mita. Kila desibeli 10 zinazoongezeka maana yake ni nguvu ya sauti kuzidishwa mara kumi, ilhali sikio la mwanadamu huona kwamba sauti imekuwa kubwa mara mbili tu, takriban. Basi anayeombwa "apunguze kidogo" na akapunguza nguvu ya sauti kwa nusu, amepunguza desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huitambua kwa shida. Ili jirani aone kwamba kelele imekuwa nusu, nguvu yake lazima ishushwe hadi sehemu moja ya kumi. Mmoja ataona ametii, mwingine ataona amedharauliwa, na wote wawili watakuwa na haki.

Pengo dogo nalo huharibu kazi ya ukuta mzima. Na ichukuliwe, kwa mfano, kwamba ukuta wa mita 10 za mraba unazuia desibeli 50, yaani unapitisha sehemu moja tu ya nguvu ya sauti katika kila 100,000. Fundi akiacha tundu la hewa la sentimita 20 kwa 50, ambalo ni asilimia 1 tu ya ukuta, kinga ya ukuta wote hushuka hadi desibeli 20. Hapo hata ukuta ungejengwa kwa mawe ya ngome, haidhuru. Tofali la saruji lisilopigwa lipu lina kasoro ya jinsi hiyo hiyo, kwa kuwa limejaa vinyweleo vinavyopitisha hewa, na panapopita hewa sauti hupita. Wako wanaobandika trei za mayai ukutani wakitumaini kumzuia jirani. Vitu vyepesi na laini hupunguza mwangwi ndani ya chumba. Jambo hilo lilithibitishwa na Wallace Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyeanza mwaka 1895 kuchunguza ukumbi uliokuwa na mwangwi, akitumia mito ya viti katika majaribio yake. Lakini kupunguza mwangwi si kuzuia sauti isivuke ukuta. Trei haina uzito, na isiyo na uzito haizuii.

Aina ya pili ndiyo ya kinu. Hapa sauti haianzi hewani. Huzaliwa ndani ya zege lenyewe. Sakafu ya zege, kwa uzito wake, huzuia mazungumzo vizuri sana, na kwa hiyo wajenzi huiamini. Ikigongwa na kitu kigumu, hata hivyo, hulia kama ngoma, na mtetemo hukimbia ndani yake kwa kasi ya zaidi ya mita 3,000 kwa sekunde, ilhali hewani sauti huenda mita 340 hivi. Hushuka kwenye nguzo, huingia kwenye kuta, na huweza kumfikia mtu aliye ghorofa mbili chini, pembeni, ambaye atamlaumu jirani asiyehusika. Kuongeza unene wa zege husaidia kidogo. Dawa yake hasa ni kukata njia: kuweka tabaka laini, kama vile mpira au sufi ya madini, baina ya zege na sakafu inayokanyagwa, ili pigo life kabla halijaingia katika mwili wa jengo. Vigae vinavyogandishwa moja kwa moja juu ya zege, jinsi inavyopendwa siku hizi, haviongezi kinga yoyote ya maana, na vimeyaondoa majamvi na mikeka iliyokuwa ikisaidia bila mtu kujua.

Uingereza iliimarisha kanuni zake za ujenzi mwaka 2003. Ukuta unaotenganisha makao mawili katika majengo mapya hutakiwa uzuie angalau desibeli 45, na sauti ya vishindo inayopokewa chini ya sakafu isizidi desibeli 62. La muhimu zaidi ni kwamba kanuni hizo zilitaka vipimo vifanywe kabla watu hawajahamia, katika angalau makao mamoja kati ya kila kumi ya aina moja. Vishindo hupimwa kwa mashine yenye nyundo tano, kila moja ya gramu 500, zinazoanguka kutoka kimo cha sentimita 4 na kugonga sakafu mara kumi kwa sekunde.

Lipo shawishi la kuchukua kanuni kama hiyo na kuitafsiri neno kwa neno. Lingekuwa kosa. Nyundo ya gramu 500 ikianguka sentimita 4 hubeba nguvu ndogo mno. Mchi wa kilo 2 ukiinuliwa nusu mita, hata kabla mkono haujaongeza msukumo wake, hutua kinuni na nguvu mara 50 ya ile ya nyundo. Kanuni iliyotungwa kwa ajili ya viatu vya Ulaya haikijui kinu, wala mbuzi ya nazi inayosuguliwa sakafuni, wala kigoda kinachoburutwa. Wajapani walilitambua tatizo la namna hii kwao, maana katika nyumba zao watu hutembea bila viatu na watoto huruka juu ya sakafu nyepesi. Hawakuridhika na nyundo ndogo peke yake, wakatumia pia mpira wa kilo 2.5 unaoachwa uanguke kutoka kimo cha mita 1. Walianza na maisha ya watu wao, kisha wakatafuta kipimo. Ni ajabu kwamba Afrika Mashariki, ambako kinu ni chombo cha kila nyumba, hakuna kipimo cha kinu.

Jambo hili lina historia. Nyumba ya Kiswahili ilikuwa na ua, na kazi zote zenye vishindo zilifanyika uani, juu ya ardhi, ambayo humeza pigo bila kulipeleka kwa mtu. Majengo marefu ya Michenzani huko Unguja, yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki baada ya Mapinduzi ya 1964, pamoja na majumba mengi ya ghorofa yaliyosimamishwa Bara, yaliwapa watu maji ya bomba, vyoo vya ndani na kuta imara, na hayo yote ni mema. Lakini ua ulibaki chini. Jiko la ghorofani lilichorwa kwa ajili ya sufuria na birika. Mahali pa kutwangia hapakuchorwa. Mama wa nyumba akaambiwa hana ustaarabu kwa kuendelea na kazi ambayo mchoraji alisahau kuitengea nafasi.

Tena kuna suala la joto. Nchi za baridi huzuia kelele kwa kufunga madirisha, na vioo viwili viwili vinavyozuia baridi huzuia sauti pia. Pwani dirisha likifungwa, chumba hakilaliki. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 1999, lilishauri kwamba kelele ya mfululizo ndani ya chumba cha kulala isizidi desibeli 30, na nje ya dirisha usiku isizidi 45, kwa hesabu kwamba dirisha lililofunguliwa kidogo hupunguza desibeli 15 hivi. Kwa hiyo penye madirisha ya kufunguliwa, silaha kubwa si kioo bali ni ramani: jiko liwe juu ya jiko na chumba cha kulala juu ya chumba cha kulala, ngazi isipite kwenye ukuta wa kitanda, madirisha ya majirani wawili yasitazamane katika uwazi mwembamba wenye kuta ngumu, ambamo kila neno hurudi na kurudi tena. Mambo haya hugharimu wino tu yanapofikiriwa mapema. Baada ya zege kumwagwa hayanunuliki.

Hayo hayamsamehe kila mwenye kelele. Anayefungulia spika roshani usiku wa manane, au kuwasha jenereta chini ya dirisha la mwenziwe, hana utetezi katika elimu ya sauti. Uchunguzi uliofanywa katika nchi nyingi umeonyesha kwamba kiwango cha desibeli hueleza sehemu tu ya kero. Sehemu nyingine hutokana na iwapo msikilizaji anajua kelele itakwisha lini, na iwapo anaamini kwamba anayeitoa anamjali. Ngoma ya arusi iliyopigiwa hodi siku mbili kabla huvumilika kuliko kigodoro kilichozuka ghafla, hata kama zote mbili zina nguvu sawa.

Tanzania inayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo. Inayo pia sheria ya 2008 kuhusu umiliki wa sehemu za majengo, ambayo huwaunganisha wenye sehemu katika chama. Vyombo hivi vinaweza kumtia adabu mwenye baa. Havijamlazimisha mjenzi athibitishe, kabla ya kukabidhi funguo, kwamba sakafu yake haitamtesa anayelala chini. Linalohitajika kwanza si sheria nyingine bali vipimo: vyuo vyenye idara za ujenzi na fizikia vipeleke wanafunzi katika majengo kumi au ishirini ya umri mbalimbali, wakiwa na kipima sauti, kinu na mchi, ili kiwango kitakachowekwa kitokane na sakafu zilizopo na maisha yaliyomo. Kwa majengo mapya, sehemu ya kutwangia itengwe chini, karibu na kamba za kuanikia nguo, ambako watu wanashuka hata hivyo.

Kwa majengo yaliyokwisha kusimama, mwenyekiti wa mtaa anayeitwa kuamua ugomvi anaweza kuanza kwa jaribio. Aketi kwanza katika chumba cha mlalamikaji wakati kinu kinatwangwa juu. Kisha kinu hicho hicho kiwekwe juu ya kipande cha tairi kuukuu na gunia lililokunjwa mara nne, kitwangwe tena kwa mkono ule ule, naye asikilize. Mlalamikaji na mlalamikiwa wabadilishane vyumba, wasikilize pia. Kazi yote haichukui nusu saa.