Jamu ya Sukari Kidogo: Tule kwa Kipimo, Tusile kwa Kujificha



Katika familia zetu nyingi, mtu akishagunduliwa kuwa na kisukari hupewa orodha ndefu ya makatazo: asinywe soda, asile embe, asiguse jamu. Ndugu humkataza kwa upendo, lakini mara nyingi matokeo huwa kinyume. Mgonjwa huvumilia wiki mbili tatu, kisha huanza kula kwa kujificha, na akifika kliniki hunyamaza. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Sisi tunaona kwamba mgonjwa wa kisukari anaweza kula jamu yenye sukari kidogo, mradi ajue kipimo chake na asidanganywe na maandishi ya chupa.

Kwanza tuijue jamu yenyewe. Jamu ya kawaida ya dukani, zaidi ya nusu ya uzito wake ni sukari. Mara nyingi hufikia gramu 60 katika kila gramu 100. Kijiko kikubwa kimoja, yaani gramu 20 hivi, kina sukari kama vijiko vidogo vitatu vya chai. Jamu iliyopunguzwa sukari inaweza kuwa na nusu ya hiyo, au hata pungufu zaidi. Nafuu ipo, lakini nusu si sifuri. Anayepaka vijiko viwili kwa sababu ni "ya wagonjwa" amerudi pale pale alipoanzia.

Pili, tusome chupa kwa makini. Maneno "haikuongezwa sukari" hayana maana kwamba haina sukari. Tunda lina sukari yake, na baadhi ya jamu hizo hutiwa maji ya matunda yaliyochemshwa mpaka yakawa mazito, ambayo ni sukari kwa jina jingine. Tutazame idadi ya gramu za wanga na sukari zilizoandikwa nyuma, siyo picha ya tunda iliyo mbele. Na wale wanaokimbilia asali wakidhani ni dawa, wajue kwamba nayo hupandisha sukari ya damu.

Tatu, tusisahau mkate. Kipande kimoja cha mkate mweupe kina takriban gramu 15 za wanga, nao wote hugeuka sukari mwilini. Mtu anayeogopa kijiko kidogo cha jamu huku akila vipande vinne vya mkate na chai ya sukari, anamfukuza panya na kumwacha chui ndani. Afadhali kipande kimoja au viwili, hasa vya unga usiokobolewa, pamoja na yai au karanga, na jamu kijiko kidogo kimoja. Mwenye kipima sukari apime kabla ya kula, kisha saa mbili baada ya kuanza kula. Watu wazima wengi huelekezwa na waganga wao kwamba kipimo hicho cha pili kisipite 10. Hapo mwili wake mwenyewe utamwambia kama kipimo chake kinamfaa.

Jamu hizi za dukani ni ghali, nasi tuna mananasi na mapapai. Kina mama wa vikundi vya parokia wanaweza kuzitengeneza. Kilo moja ya nanasi lililomenywa, gramu 100 tu za sukari na maji ya malimau mawili, vichemshwe kwa moto mdogo mpaka vizito. Haitaganda kama ya dukani, kwa kuwa sukari ndiyo husaidia kugandisha. Tena sukari ndiyo huzuia jamu isiharibike. Kwa hiyo hii itengenezwe kidogo kidogo, iwekwe kwenye chupa iliyochemshwa, ikae ndani ya friji, na iliwe katika wiki mbili. Tunawasihi wauzaji waandike kwa ukweli kiasi cha sukari waliyotia. Kumwuzia mgonjwa kitu kwa jina la uongo ni kosa mbele ya Mungu na ni hatari kwa uhai wake.

Onyo moja: mgonjwa anayetumia insulini au vidonge akianza kutetemeka, kutoka jasho na kuchanganyikiwa, sukari yake huenda imeshuka mno. Wakati huo jamu ya sukari kidogo haifai. Kama anaweza kumeza, apewe mara moja vijiko vidogo vitatu au vinne vya sukari halisi katika maji. Aliyezimia asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitali.

Kwa ndugu na majirani tunasema hivi: tusimsimange mgonjwa mezani, wala tusimlazimishe kula keki ya Komunyo ya Kwanza kwa kisingizio kwamba siku moja haiui. Tumwekee chakula kinachomfaa, ale pamoja nasi bila aibu. Anayekula hadharani kwa kipimo ndiye atakayemwambia mganga ukweli, na mganga aliyeambiwa ukweli ndiye anayeweza kumsaidia kuokoa macho, figo na miguu yake.

Tunawatakia afya njema.