Hati zetu zisiachwe zigeuke manjano

Hakuna sehemu ya nchi hii ijuayo uzito wa karatasi kuliko Pwani. Chini ya Sheria ya Hatimiliki ya Ardhi ya 1908, asiyewasilisha dai lake hakutambuliwa, na shamba lililolimwa na babu zake likahesabiwa kuwa mali ya Serikali. Ndiyo sababu nasikitika kuona hati za ardhi na vyeti vya kuzaliwa vya jamaa nyingi hapa Msambweni vimegeuka manjano na kuanza kukatika penye mikunjo.

Wapo wasemao kuwa huo ni uzee tu. Sikubaliani nao. Karatasi za kale, zilizotengenezwa kwa matambara ya pamba na kitani, zimedumu karne nyingi. Ilhali gazeti likianikwa juani siku chache tu hubadilika rangi. Kisa ni lignini, kitu kinachoshikamanisha nyuzi za mti. Mbao zikisagwa bila kuondolewa lignini, rojo lake laweza kufanywa jeupe kwa dawa, lakini weupe huo ni wa kuazima: mwanga na hewa huurudisha umanjano. Asidi iliyotiwa kiwandani nayo huila karatasi polepole, na joto na unyevunyevu wa pwani yetu huiharakisha.

Dawa yajulikana. Tangu 1994 kumekuwako kipimo cha kimataifa cha karatasi ya kudumu, ISO 9706. Kinataka lignini iwe kidogo mno, karatasi isiwe na asidi, na iwe na akiba ya chokaa isiyopungua asilimia 2 ili kuizima asidi itakayoingia baadaye. Serikali haina budi kushurutisha kipimo hicho kwa kila hati ya ardhi, cheti na daftari la usajili. Kusema kwamba sasa kuna kompyuta hakutoshi. Ardhisasa ilizinduliwa 2021, lakini mwananchi angali anaombwa karatasi.

Nasi tuna wajibu wetu. Hati isitundikwe ukutani penye mwanga, wala isiwekwe karibu na paa la mabati au moshi wa jikoni. Ihifadhiwe pakavu, ndani ya bahasha isiyo na asidi, wala isifunikwe kwa plastiki ya moto, kwani haibanduki tena.

Mirathi ya yatima haifai kutegemea karatasi isiyoweza kumaliza umri wa mzazi wake.